Jina la Tatu

Katesh,
4 Novemba 2001

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote wa hapo bomani, na ng'ombe pia. Kifua chako kinaendeleaje tangu upepo uanze? Huku tupo. Mimi nakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi. Zita mzima, ila meno mawili ya mbele yameng'oka na hataki kucheka mbele ya watu. Julius bado yuko Mererani anakolinda mgodi. Mwezi uliopita alituma salamu kwa mtu wa lori, barua hakutuma.

Baba, naandika kwa sababu kukaa mbele yako na kusema maneno marefu siwezi, unajua mwenyewe. Mama alinifundisha heshima za kwenu nilipoolewa, na mimi Mmbulu wa Bashay nimezishika. Kwa hiyo nimeona karatasi inisaidie.

Zita anafikisha miaka saba. Januari anatakiwa aanze darasa la kwanza, na serikali imesema ada inafutwa, kila mtoto aende. Hapa tunapokaa kuna shule mbili. Watu wanaziita ya juu na ya chini. Ya juu ina madawati na madirisha ya vioo, kila darasa na mwalimu wake. Wanasoma watoto wa wafanyakazi wa serikali, wa wenye maduka, na Wambulu wenzangu. Ya chini iko ng'ambo ya korongo, ndiko wanakosoma watoto wa wafugaji. Mwalimu Renatus anafundisha madarasa mawili peke yake, anaandika ubaoni huku, anakimbilia kule, na watoto wanakalia mawe. Ni mtu mwema lakini amechoka.

Nyumba yetu iko ukingoni mwa korongo lenyewe. Nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa kama sisi ni wa juu au wa chini, akasema inategemea. Inategemea nini, hakusema. Jirani yangu Hadiya, mke wa mwenye duka la vitenge, ndiye aliyenieleza. Anasema shule ya juu hawawataki watoto wa Mang'ati, eti wanahama katikati ya mwaka na wananuka maziwa. Nisamehe kuliandika neno hilo, ndivyo wanavyowaita ninyi wafugaji.

Julius amesema wewe ndiye wa kuamua. Nimpeleke wapi?

Mkweo,
Mama Zita


Gendabi,
25 Novemba 2001

Mama Zita, mkwe wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua kinanisumbua asubuhi, jua likipanda kinaniacha. Mama mkwe wako anakusalimu, anauliza kama bado unapika uji mzito kama ugali.

Bahasha uliandika "Kwa Baba Julius, Gendabi". Gendabi ina akina Baba Julius wanne. Barua yako imefunguliwa na wawili kabla ya kunifikia, kwa hiyo mambo ya shule yanazungumzwa mpaka kwenye josho. Najua jina langu huwezi kulitaja wala kuliandika, na ninakushukuru kwa heshima hiyo, wapo wakwe waliozaliwa kwetu ambao wameshaiacha. Safari nyingine mwombe huyo Hadiya akuandikie bahasha.

Barua nimeisoma mwenyewe. Nilijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Tulikalia benchi moja mimi na mama mkwe wako, na alinishinda, mpaka leo hajaacha kunikumbusha.

Sasa sikiliza kwa nini nilikwenda kujifunza. Walipokuja kupima yale mashamba makubwa ya ngano walileta karatasi tuziwekee sahihi. Karani aliniuliza jina nikamtajia. Aliliona gumu, akaandika anavyojua, nikaweka dole gumba. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshajua herufi, nilionyeshwa nakala ya karatasi ile. Penye jina langu pameandikwa "Mang'ati mzee na wenzake". Malisho yalishakwenda, na aliyeyatoa ni mtu asiyekuwa na jina. Niliumia, na bado inaniuma ninapokuandikia.

Mpeleke ya juu. Mimi sina haja na vioo vyao. Nataka mtoto ajue kusoma karatasi kabla hajaiwekea dole. Na jambo moja nakuomba wewe, sijamwomba mtu mwingine: jina langu liandikwe kwenye daftari la shule ile, herufi zote. Zita Julius Gidamis. Nimelala mara nyingi nikiliwaza hilo.

Samli nimempa Alfredi, yule mwenye baiskeli. Usimgawie Hadiya yote.

Baba mkwe wako,
Gidamis


Katesh,
20 Januari 2002

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Samli ilifika, asante sana. Poleni na msiba wa jirani yenu, tumesikia.

Zita ameandikishwa shule ya juu. Nimemshonea sketi ya buluu, ndefu kidogo ili imfae na mwakani. Watoto walikuwa wengi siku ile, foleni ilifika mpaka barabarani. Wengine wamerudishwa, wakaambiwa nafasi zimejaa. Yeye amepata, yuko dawati la mbele na mtoto wa Hadiya anayeitwa Musa.

Nina kazi nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine. Msalimie mama.

Mkweo,
Mama Zita


Gendabi,
10 Februari 2002

Mama Zita,

Marahaba. Tumefurahi sana. Mama mkwe wako amepiga vigelegele, majirani wakafikiri Julius amerudi.

Lakini barua yako ni fupi kama ya mtu anayedaiwa. Hukuniambia wameliandikaje jina. Mkaguzi wa mifugo huwa ananiandika Gidamisi, na yule wa chanjo aliniandika Kidamisi. Waliandika sawasawa? Nani alikutajia, Hadiya? Niandikie.

Baba mkwe wako,
Gidamis


Katesh,
23 Juni 2002

Baba,

Shikamoo. Najua miezi minne ni mingi. Ulituma salamu mara mbili kwa watu wa mnada, nami nikawajibu kwa mdomo kwamba tupo salama, nikijificha. Nimechoka kujificha.

Nilikuwa nimepanga na Hadiya anitajie jina lako, ndiyo maana tulipanga foleni pamoja. Kumbe ndani anaingia mtoto na jamaa zake tu, Hadiya akazuiwa nje. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa kwenu, mwenye shanga, na yeye amekuja na shemeji yake wa kumtajia. Shemeji alitaja jina la babu wa mtoto, na lilianza kama la kwako. Mwalimu Paskalina, aliyekuwa anaandikisha, alifunga daftari kabisa. Akasema, "Nafasi zimejaa, shule yenu ipo kule chini." Wakatoka. Halafu akafungua daftari, akaniita mimi.

Akaandika Zita. Akaandika Julius. Akauliza, "Babu yake anaitwa nani?" Nikanyamaza. Unajua siwezi, Baba. Hata lile neno la Kiswahili la wakati taa imezimika silitamki kwa kuwa linafanana na jina lako. Nilidhani ataelewa. Akanipa kalamu akasema kama ni gumu kutamka niandike mwenyewe. Niliishika, mkono haukwenda. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika. Ndipo akaninong'oneza kwa Kiiraqw, lugha yetu Wambulu, akitabasamu, "Wewe ni wa kwetu, nasikia lafudhi yako. Baba yako mzazi ni nani?" Nikasema Felician, wa Bashay. Akaandika.

Kwa hiyo kwenye daftari mtoto ni Zita Julius Felician. Anaitwa hivyo kila asubuhi na anaitika.

Ningesema ni heshima tu iliyonifunga mdomo, ungeniamini. Lakini nilikuwa nimeshamwona yule mama akirudishwa. Ulimi ulifungwa na heshima, na moyoni nilifurahi kwamba umefungwa. Sijui kipi kilitangulia. Nimeungama kwa padri, akanipa rozari moja, wala haikunisaidia.

Baba yangu kule Bashay amesikia, amefurahi kupita kiasi. Tangu niolewe kwenu hakuwahi kukanyaga kwangu, sasa ametuma gunia la maharage. Sijayapika.

Niambie la kufanya.

Mkweo,
Mama Zita


Gendabi,
7 Julai 2002

Mama Zita,

Barua yako nilikaa nayo siku tatu bila kusema na mtu. Mama mkwe wako alifikiri nimeibiwa ng'ombe.

Nilikasirika. Nilitaka kumwandikia Julius akuchukulie mtoto. Halafu nikajiuliza, kosa la huyu mwanamke ni lipi? Angelitaja jina langu mbele za watu, mama mkwe wako angemlaumu. Hakulitaja, ninamlaumu mimi. Tulikufundisha wenyewe.

Hasira yangu kwako imepungua, haijaisha. Kwa huyo mwalimu ndiyo nzima.

Mimi hakuna mila inayonizuia kutaja jina langu. Nitakuja Katesh siku ya mnada, nitakwenda shuleni mwenyewe nimtajie mwalimu mkuu herufi kwa herufi. Wewe usije. Mambo ya wanaume yataongelewa na wanaume.

Maharage yapike, hayana kosa.

Baba mkwe wako,
Gidamis


Katesh,
4 Agosti 2002

Baba,

Shikamoo. Umefika salama? Nilikusubiri nyumbani siku ya mnada, chai nilipasha mara tatu. Hukupita. Kibuyu cha maziwa nilikikuta mlangoni, mwenyewe hupo.

Zita aliporudi hakula. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mama, Babu alikuja ofisini kwa mwalimu mkuu, akasema mimi si mjukuu wake." Nilimwambia hakusikia vizuri. Akasema amesikia, alikuwa amesimama pale pale. Kisha akaniuliza amekosa nini.

Jina halikubadilishwa. Jana nimechungulia daftari, bado ni lile lile.

Baba, naomba uniambie kilichotokea. Kama ni hasira zako kwangu, mtoto hakuhusika.

Mkweo,
Mama Zita


Gendabi,
18 Agosti 2002

Mama Zita,

Marahaba. Nilifika salama. Sikupita kwako kwa sababu sikutaka unione nilivyokuwa.

Nilivaa shuka jipya. Nilikaa nje ya ofisi mpaka kengele ya saa nne, watoto wakanizunguka wakitazama masikio yangu yenye matundu. Mwalimu mkuu aliponiita alinipokea vizuri, sitasema uongo. Alinipa kiti. Nikamweleza: mtoto huyu ni wa mwanangu, jina la tatu limekosewa, la kweli ni hili. Nikalitaja. Akafungua daftari, akashika kalamu. Mama Zita, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Halafu akasimama akauliza, "Kwa hiyo ninyi ni wa kule chini?" Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kurekebisha jina si kazi kubwa, ila akilirekebisha mtoto atahamishiwa shule ya wenzake, Jumatatu hiyo hiyo. Eti wazazi wengine wakijua ameingiza mmoja, italeta maneno. Akasema, "Au mzee umechanganya mtoto? Watoto wanafanana majina." Alikuwa ananipa njia, naye alijua ananipa njia. Akamwita Zita aje atazamwe.

Mtoto akaingia. Ile sketi imemfaa. Aliniona akaanza kucheka, na meno yameota. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Unamfahamu mzee huyu?" Nikawahi kabla hajafungua mdomo. Nikasema nimechanganya, huyu si mjukuu wangu, mimi ni mzee wa Gendabi ninayemletea mama yake maziwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na hasira.

Nilitoka nikapita shule ya chini. Mwalimu Renatus alikuwa mlangoni, mguu mmoja darasa hili na mwingine lile. Niliona mawe. Ningekuwa na roho ya kumweka Zita juu ya jiwe kwa ajili ya jina langu, ningerudi kwa mwalimu mkuu. Nilisimama pale muda mrefu, sikuwa nayo.

Sasa jina liache lilivyo. Akikuuliza, mwambie chochote. Mimi mjini sitakuja tena mpaka amalize darasa la saba, mtu asije akaniona naye.

Baba mkwe wako,
Gidamis


Katesh,
29 Agosti 2004

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne tangu ile yako, zile tatu hukujibu. Watu wa mnada wanasema u mzima, unatembea kwa fimbo mbili. Julius alirudi Pasaka, alikaa wiki mbili, akaondoka tena. Sasa wanasema sisi si Arusha tena, ni Mkoa wa Manyara, ila vumbi ni lile lile.

Uliniambia nimwambie Zita chochote. Mimi nilimwambia ukweli. Nilimweleza yote mwaka jana, kwamba ulimkana ili abaki darasani. Nilitegemea atalia, au atataka kuja huko likizo. Alinitazama tu akasema, "Najua, Mama. Usiseme kwa sauti, Musa yuko nje." Ana miaka tisa. Likizo nikimwambia twende Gendabi anasema atakuja kuonwa na mtu. Watoto wa shule ya chini wakipita wakiimba, yeye anaingia ndani. Nimemlea hivyo mimi, kwa mikono yangu, na sijui namna ya kumrudisha.

Wiki iliyopita Mwalimu Paskalina aliwafundisha kuandika barua. Kila mtoto amwandikie mtu mzima anayemfahamu, mwalimu asahihishe, kisha ipelekwe kweli. Wengine waliandikia babu zao, shangazi zao. Zita amekuchagua wewe. Sikumwambia mimi, nakuapia. Alikaa mezani jioni nzima akiandika na kufuta. Nilimsihi aandike "Babu". Akasema mwalimu ataisoma.

Nimeiweka humu ndani kama ilivyo.

Mkweo,
Mama Zita


Katesh,
23 Agosti 2004

Kwa Mzee wa Gendabi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Natumaini na wewe hujambo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mimi niko darasa la tatu. Katika mtihani nimekuwa wa pili kati ya wanafunzi themanini na mmoja. Ninaweza kusoma gazeti.

Ninakushukuru kwa maziwa uliyokuwa unamletea mama. Yalikuwa matamu. Je, ng'ombe mweupe amezaa?

Ninakutakia afya njema.

Wako mtiifu,
Zita Julius Felician


Gendabi,
12 Septemba 2004

Mama Zita,

Marahaba. Nisamehe kwa ukimya. Barua zako zote ninazo, nilikuwa nazisoma, nguvu ya kujibu ndiyo ilikosekana.

Ya mtoto nimeisoma mwenyewe, bila kusaidiwa. Mama mkwe wako aliniuliza imesema nini, nikamwambia mtoto anasalimia. Niliirudia mara nyingi nikitafuta mahali mkono wake ulipoteleza. Nilitumaini labda aliandika babu mahali fulani halafu akafuta, na alama imebaki. Niliinua karatasi juani. Hakuna. Mwalimu amempa kumi kwa kumi, na ni haki yake. Nimelia, mkwe wangu. Ninakuambia kwa kuwa hunioni.

Usimlazimishe. Ameelewa mapema kuliko nilivyopanga, basi.

Jibu lake hili hapa chini. Nimeliandika namna ambayo hata mwalimu akitaka kuliona, alione.

Baba mkwe wako,
Gidamis


Kwa mwanafunzi Zita Julius Felician,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeielewa yote. Umeandika vizuri sana. Ng'ombe mweupe amezaa jike. Maziwa yapo, nitampa Alfredi awe anawaletea kila Jumamosi.

Soma kwa bidii, uwatii walimu wako.

Mimi,
Mzee wa Gendabi